Rimoti ya kuwashia gari: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua na kufungiwa

MCHANA wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, gari lililoachwa juani katika kituo cha biashara cha Jego, Kaunti ya Kwale, hugeuka tanuri. Usukani haushikiki, viti huchoma, na abiria hulazimika kusimama nje hadi upepo upite ndani. Ndipo mwenye gari hutamani kifaa ambacho wenzake wamekwisha kufungiwa Ukunda au Mombasa: rimoti ndogo ambayo mtu huibonyeza akiwa bado kivulini chini ya mwembe, injini ikanguruma na kiyoyozi kikaanza kazi kabla hajafungua mlango.

Tamaa hiyo si ya ajabu. Hata hivyo, kifaa hicho huunganishwa na nyaya zinazobeba umeme mwingi ndani ya gari, na hulipa gari uwezo wa kuwaka pasipo mtu kwenye kiti cha dereva. Kikifungwa vibaya kinaweza kuteketeza gari, kulisukuma mbele likiwa kwenye gia, au kumrahisishia mwizi kazi.

Kwa wakazi wa Jego, kijiji kilicho kwenye njia ya kutoka Lunga Lunga kwenda Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, kuna jambo zaidi. Mafundi waliobobea katika umeme wa magari ya kisasa wako mbali. Gari likigoma kuwaka usiku kwa sababu ya kifaa kilichopachikwa, huenda ndilo gari lililotegemewa kumfikisha mgonjwa katika hospitali ya Msambweni.

Kwa sababu hiyo, ubora wa rimoti ya kuwashia gari haupimwi kwa umbali ambao mawimbi yake hufika. Hupimwa kwa mambo mawili: iwapo kifaa kinakataa kuwasha injini pale inapofaa kukataa, na iwapo gari linaweza kuwaka kwa ufunguo wake wa kawaida siku kifaa kinapoharibika.

KILIBUNIWA KWA SABABU YA BARIDI

Mwanzoni mwa karne ya 20, kuwasha gari kulikuwa kazi ya nguvu na hatari. Dereva alizungusha mkono wa chuma mbele ya injini, na mara nyingine mkono huo ulirudi nyuma kwa kishindo ukamvunja mfupa. Mmarekani Charles Kettering alibuni stata ya umeme, na kampuni ya Cadillac ikaanza kuiweka katika magari yake ya mwaka wa 1912.

Kuwasha gari kutoka mbali kulienea baadaye katika nchi zenye theluji, kama vile Kanada, majimbo ya kaskazini mwa Marekani, na kisiwa cha Hokkaido nchini Japani. Huko watu hutaka injini ipate joto na barafu iyeyuke kwenye kioo kabla hawajatoka nyumbani. Kwa miaka mingi vifaa hivyo viliuzwa na kufungwa na maduka ya vipuri. Kampuni ya General Motors ilianza kukitoa kiwandani katika gari la Chevrolet Malibu la mwaka wa 2004.

Historia hiyo ina maana kwa mnunuzi wa Pwani. Magari mengi yanayoingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa ni yaliyotumika Japani, na chini ya kanuni ya KS 1515:2000 hayaruhusiwi kuwa na umri wa zaidi ya miaka minane. Baadhi yake huja yakiwa tayari na kiwashio kilichofungwa na mmiliki wa kwanza, ilhali rimoti yake ilibaki huko. Kifaa kama hicho, kilichoachwa chini ya dashibodi bila mwenyewe kujua, huendelea kunyonya betri, na nyakati nyingine huwa ndicho chanzo cha hitilafu ambazo fundi hazielewi. Kabla ya kununua kifaa kipya, fundi na achungulie kwanza iwapo kuna cha zamani, akiondoe, na kuzirejesha nyaya katika hali yake ya awali.

JINSI KINAVYOFANYA KAZI

Dereva anapozungusha ufunguo, hupitia hatua kadhaa. Kwanza umeme hufika kwenye redio na vifaa vidogo. Kisha hufika kwenye mfumo wa injini, yaani pampu ya mafuta, plagi na kompyuta ya gari. Mwishowe huenda kwenye stata, ambayo huizungusha injini hadi iwake.

Kiwashio cha rimoti ni kisanduku kinachoiga mkono wa dereva. Ndani yake mna rilei, ambazo ni swichi zinazoendeshwa kwa umeme. Kikipokea ishara, huupeleka umeme kwenye nyaya hizo kwa mpangilio uleule wa ufunguo. Kisha hutakiwa kutambua kwamba injini imewaka ili kiiachilie stata isisagike. Vilivyo bora husoma mzunguko wa injini wenyewe. Vya bei nafuu hukisia kwa kupima umeme wa betri, ambao hupanda kutoka takribani volti 12.6 gari likiwa limezimwa hadi kati ya volti 13.5 na 14.5 injini ikiwa inachaji. Ukisiaji huo huweza kukosea betri ikiwa imechoka.

Ikumbukwe kwamba stata ya gari dogo la petroli huweza kuvuta zaidi ya ampea 100 kwa muda mfupi, na nyaya za swichi ya ufunguo nazo hubeba mkondo mkubwa kuliko nyaya za redio au taa za ndani. Waya mwembamba au kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu hupata joto, plastiki yake huyeyuka, na moto huanzia hapo.

JE, MWAMBAO UNAKIHITAJI?

Utafiti uliofanywa na madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford na kuchapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba joto ndani ya gari lililofungwa juani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za selsiasi katika saa moja, na kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo, asilimia 80, hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukusaidia pakubwa. Adha anayoipata dereva wa Jego, basi, ni ya kweli.

Lakini kiyoyozi hakifanyi kazi yake vizuri sana injini inapozunguka polepole gari likiwa limesimama. Zaidi ya hayo, rimoti haiwezi kukiwasha kiyoyozi ambacho dereva alikizima. Katika gari lenye vitufe vya kuzungusha, ni lazima kiachwe kikiwa kimewashwa kabla ya kuliegesha. Katika magari yenye vitufe vya kielektroniki, mengine hurudia hali ya mwisho na mengine huanza yakiwa yamezimwa. Mnunuzi ajaribu gari lake kwanza kwa ufunguo: alizime kiyoyozi kikiwa kinaendelea, aliwashe tena baada ya dakika chache, na kuona kama kitajiwasha chenyewe. Kisipojiwasha, rimoti itaunguza mafuta bure.

Mafuta nayo yahesabiwe. Idara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba gari lililosimama injini ikinguruma hutumia kati ya robo na nusu galoni kwa saa, yaani takribani lita moja hadi karibu lita mbili, kulingana na ukubwa wa injini na matumizi ya kiyoyozi. Mtu anayewasha gari dakika 10 kabla ya safari, mara mbili kwa siku, kwa siku 25 za mwezi, atakuwa ameiendesha injini zaidi ya saa nane bila kusogea hata hatua moja. Kwa kiwango cha chini kabisa, hizo ni takribani lita nane kila mwezi.

Wapo watakaoona gharama hiyo inafaa. Kwa wengine, kivuli cha mti, pazia la kuakisi jua kwenye kioo cha mbele, na kufungua milango yote kwa dakika moja kabla ya kuondoka huleta nafuu kubwa kwa gharama ndogo. Hoja ya kupasha injini joto, ambayo ndiyo chimbuko la kifaa hiki, haina uzito katika mwambao ambao usiku wake haufikii baridi ya kugandisha maji.

Jambo moja halina mjadala. Rimoti isitumiwe kamwe kama kisingizio cha kumwacha mtoto ndani ya gari kwa kuwa kiyoyozi kinafanya kazi. Vifaa vingi huizima injini vyenyewe baada ya dakika 10 au 15. Mzazi aliyechelewa kwenye foleni ya benki hatajua kwamba injini imezimika na joto limeanza kupanda.

GARI LINALOFAA NA LISILOFAA

Gari rahisi zaidi kulifungia kifaa hiki ni lenye gia za otomatiki na injini ya petroli inayopuliziwa mafuta kwa kompyuta. Haliwezi kuzungusha stata isipokuwa gia iwe kwenye P au N, na ulinzi huo wa kiwandani hubaki iwapo fundi hataukwepa.

Gari la gia za mkono ni suala jingine. Madereva wengi wa pikapu hulegesha breki ya mkono na kuliacha gari kwenye gia ya kwanza ili lisiteleze. Likiwashwa kutoka mbali katika hali hiyo, huruka mbele, na likiwaka huendelea kwenda. Vipo vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya magari hayo. Hivi humtaka dereva aiache injini ikinguruma, avute breki ya mkono, aondoe ufunguo, ashuke, na kufunga milango, kisha kifaa chenyewe ndicho huzima injini. Mlango wowote ukifunguliwa baadaye, kifaa hufuta ruhusa ya kuwasha, kwa kuwa huenda mtu ameigusa gia. Kifaa kisicho na utaratibu huo kisifungwe kabisa kwenye gari la gia za mkono, hata fundi aape kwamba amewahi kufunga vingi.

Magari ya dizeli, hasa ya zamani, huhitaji sekunde kadhaa za kupasha plagi za joto kabla ya stata kuzunguka. Kifaa lazima kiwe na uwezo wa kusubiri. Magari ya kabureta, ambayo hutaka kukanyagwa mafuta au kuvutwa choki ili yawake, hayafai.

Kwa matatu na magari mengine ya abiria, ambayo tangu mwaka wa 2004 yalitakiwa kufungwa vidhibiti mwendo, nyaya za chini ya dashibodi tayari zimesongamana. Kifaa cha ziada kinachogusa nyaya za mfumo wa injini kinaweza kuvuruga kidhibiti mwendo na kumtia mwenye gari katika matatizo wakati wa ukaguzi. Isitoshe, dereva wa matatu haondoki mbali na gari lake.

CHIPU YA UFUNGUO NA MLANGO WA MWIZI

Magari mengi yaliyotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 yana kinga ya wizi inayoitwa imobilaiza. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo. Kompyuta ya gari huisoma chipu hiyo na kukataa kuwasha injini ikiwa haiitambui, hata kama ufunguo umechongwa sawasawa. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliifanya kinga hii kuwa ya lazima kwa magari mapya tangu Oktoba 1998, na wizi wa magari ukapungua.

Rimoti haina chipu hiyo. Kwa hivyo ni lazima fundi atafute njia ya kuifanya kompyuta iamini kwamba ufunguo upo. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza bila kujua kile walichokuwa nacho.

Njia ya kwanza, na mbaya kuliko zote, ni kuiondoa au kuizima imobilaiza kabisa. Gari litawaka, lakini litawaka pia kwa yeyote atakayevunja swichi kwa bisibisi. Njia ya pili ni kuuficha ufunguo wa akiba wenye chipu ndani ya kisanduku chini ya dashibodi. Hiyo ni nafuu, lakini mwizi anayejua pa kutafuta hupata chipu halali ikimngoja. Iwapo hapana njia nyingine, kisanduku hicho kiwe na rilei inayoruhusu chipu kusomwa wakati wa kuwasha kwa rimoti peke yake, na kifichwe mahali pagumu kufikika. Njia ya tatu, iliyo bora, ni kifaa cha ziada kinachozungumza na kompyuta ya gari kwa lugha yake bila kuacha ufunguo wowote ndani. Ni ghali zaidi, na lazima kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya aina na mwaka wa gari husika.

Kabla ya kulipa, mwenye gari amuulize fundi swali moja lililo wazi: Ni njia gani kati ya hizo tatu utakayotumia? Fundi asiyeweza kujibu asiguse nyaya.

Mawimbi ya rimoti yenyewe pia yanaweza kuibwa. Rimoti za bei ya chini hutuma nambari ileile kila zinapobonyezwa, na kifaa kidogo cha kunakili huweza kuidaka na kuirudia. Rimoti salama hubadilisha nambari kila mara. Maelezo hayo huandikwa kwenye karatasi ya kifaa, na yakikosekana, mnunuzi achukulie kwamba nambari haibadiliki.

RIMOTI AU SIMU?

Vipo vifaa vinavyoendeshwa kwa rimoti pekee na vingine vyenye laini ya simu ndani yake, ambavyo hupokea amri kupitia ujumbe mfupi au programu ya simu. Hivi vya pili huweza pia kuonyesha gari liliko.

Kwa Jego, Vanga na Lunga Lunga, uchaguzi huu una ugumu wa pekee. Karibu na mpaka, simu huweza kushika mtandao wa Tanzania badala ya wa Kenya. Laini iliyo ndani ya gari nayo hufanya hivyo, na amri zikachelewa, zikapotea au zikatozwa ada ya nje ya nchi. Anayeamua kukitumia kifaa cha simu akijaribu mahali hasa anapoegesha gari, si mbele ya duka la fundi mjini. Tena abadilishe mara moja nywila ya kiwandani, kwa kuwa vifaa vingi vya aina hii hutoka na nywila moja inayojulikana na kila mtu.

Rimoti ya kawaida ina tatizo lake. Umbali unaoandikwa kwenye kasha ni wa uwanja ulio wazi. Kuta za mawe ya matumbawe, mabati na miti hulipunguza wimbi. Wala umbali mkubwa si faida kwa kila hali: anayeliwasha gari asiloliona hajui kama mtoto yuko nyuma ya gurudumu au kama mtu ameegemea boneti. Busara ni kuwasha gari mtu akiwa analiona.

Bora zaidi ni rimoti inayojibu, yaani inayoonyesha kwa taa au mlio kwamba injini imewaka kweli. Nayo ihitaji kubonyezwa mara mbili au zaidi ili mkono usiiwashe kwa bahati mbaya ikiwa mfukoni. Kifaa kiwe pia na swichi ya kukisimamisha kwa muda. Swichi hiyo itumike kila gari linapoachiwa fundi, linapooshwa, na linapoingia kivukoni Likoni, ambako watu hupita kwa miguu katikati ya magari.

Vifaa vya mawimbi ya redio vinavyouzwa nchini hutakiwa kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji kuhusu idhini hiyo. Kadhalika, kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi kuhusu mabadiliko ya umeme wa gari, ili yasije yakawa sababu ya kukataliwa fidia gari likiungua au likiibwa.

KAZI YA FUNDI, HATUA KWA HATUA

Ufungaji wa haraka si sifa. Fundi makini huanza kwa kuliangalia gari kabla ya kufungua kasha la kifaa: hupima betri, huangalia kama stata na taa za breki zinafanya kazi, na huandika hitilafu zilizopo. Taa za breki ni muhimu kwa kuwa kifaa hutegemea waya wake kujua kwamba kanyagio la breki limekanyagwa.

Baada ya hapo huzitafuta nyaya kwa mita ya kupimia umeme. Asiamini rangi za nyaya, kwani hutofautiana kati ya mwaka na mwaka hata kwa gari la aina moja, na magari yaliyotumika huenda yalikwisha kuguswa na mafundi wengine. Nyaya zilizovikwa ala ya manjano huwa kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya usalama. Hizo haziguswi, wala hazipimwi kwa taa ya majaribio, kwani mfuko unaweza kufumuka usoni.

Akishazitambua, huondoa waya wa hasi kwenye betri na ndipo aanze kuunganisha. Kila kiungo kilehemiwe kwa risasi au kibanwe kwa kiunganishi cha saizi sahihi, kisha kivikwe mpira wa kujikaza kwa joto. Waya mkuu wa umeme upitie fyuzi iliyo karibu na betri. Waya unaopenya ukuta wa chuma kati ya injini na abiria upitishwe kwenye mpira, usije ukakatwa na ncha ya bati.

Kisha kuna nyaya za usalama ambazo mafundi wenye haraka huziruka kwa kuwa gari huwaka hata bila hizo. Ni waya wa breki, unaozima injini mtu asiye na ufunguo anapokanyaga breki ili aondoe gia kwenye P. Swichi ya boneti, inayozuia stata kuzunguka wakati mikono ya fundi imo karibu na mkanda na feni. Na waya wa breki ya mkono. Kifaa kisichounganishwa nyaya hizi hakijafungwa, kimepachikwa tu.

Pwani ina masharti ya ziada. Chumvi ya bahari hula shaba, na mvua za masika huleta unyevu na mafuriko katika maeneo ya bonde la Mto Umba. Kisanduku kifungwe juu, nyuma ya dashibodi, kisilazwe sakafuni. Waya wa ardhi ubanwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha upakwe grisi.

MAJARIBIO KABLA YA KULIPA

Mwenye gari asimamie majaribio yafuatayo mwenyewe, mahali pa wazi, bila mtu kusimama mbele au nyuma ya gari.

Injini ikiwa imewashwa kwa rimoti, breki ikikanyagwa bila ufunguo lazima izime. Boneti ikifunguliwa, lazima izime, na ikiwa wazi isiwake. Katika gari la otomatiki, fundi ainue magurudumu yanayoendeshwa na injini na kuyakalisha juu ya stendi, aweke gia kwenye D, kisha rimoti ibonyezwe: stata isizunguke hata kidogo. Katika gari la gia za mkono, mlango ufunguliwe na kufungwa baada ya utaratibu wa kuegesha, na kifaa kikatae kuwasha. Muda wa injini kuzima yenyewe upimwe kwa saa. Kisha dereva aingie, atie ufunguo na kuuzungusha hadi hatua ya injini kabla ya kukanyaga breki, aone kama gari linaendelea bila kuzima.

Jaribio la mwisho ndilo la maana zaidi kwa mtu anayeishi mbali na mji. Fundi akiondoe au kukizima kifaa, na gari liwake kwa ufunguo wake wa kawaida. Amwonyeshe mwenye gari jinsi ya kulifanya hilo mwenyewe kwa tochi, na amwachie mchoro wa nyaya zilizoguswa, wenye rangi na mahali zilipo. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na hati za gari. Fundi mwingine yeyote, wa Lunga Lunga au wa Tanga, ataweza kuanzia hapo.

MOSHI USIOONEKANA

Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu na kuizuia kubeba oksijeni, na mtu aliyelala hafi kwa kukohoa bali hasinzuki tena. Mwaka wa 2018, gazeti la New York Times liliripoti vifo vya watu zaidi ya 20 nchini Marekani tangu 2006, vilivyotokana na magari yasiyotumia ufunguo wa kuzungusha kuachwa yakinguruma kwenye gereji za nyumba. Mwaka uliofuata, kampuni ya Toyota ilitangaza kwamba magari yake mengi ya mwaka wa 2020 ya soko hilo yangejizima yenyewe.

Nyumba nyingi za Kwale hazina gereji za kufungwa, lakini magari huegeshwa chini ya dirisha la chumba cha kulala. Gari lenye kiwashio cha rimoti lielekeze bomba la moshi mbali na dirisha na mlango, na lisiwashwe kamwe likiwa ndani ya banda.

PIKIPIKI NAZO

Katika vijiji vya kusini mwa Kwale, pikipiki za bodaboda ndizo zinazobeba abiria na mizigo kila siku. Alamu za bei nafuu zenye kitufe cha kuwashia injini zimezifikia pia, nyingi zikifungwa chini ya kiti kwa muda wa nusu saa.

Hatari yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Pikipiki iliyoachwa kwenye gia ikiwashwa kwa rimoti hushtuka, hutoka kwenye stendi, na kumwangukia aliye karibu. Pikipiki nyingi zina ulinzi unaozuia stata isipokuwa klachi imeshikwa au gia iko huru, na baadhi ya mafundi huukata ulinzi huo ili alamu ifanye kazi. Mwenye pikipiki asikubali. Waya wa taa ya gia huru uunganishwe na kifaa, ili pasipo taa hiyo injini isiwake.

Betri ya pikipiki nayo ni ndogo, mara nyingi ya ampea-saa 5 hadi 9. Alamu inayonyonya miliampea 10 tu huimaliza karibu nusu ya betri ya ampea-saa 5 kwa siku 10. Tena rimoti inayoweza kuzima injini isibebwe mfukoni inakoweza kubonyezwa na goti safarini, kwani kuzimika ghafla mbele ya lori ni hatari kuliko wizi.

UTUNZAJI

Hesabu hiyo ya betri inahusu gari pia. Kifaa kinachonyonya miliampea 30 hutumia takribani ampea-saa 22 kwa mwezi, ambazo ni karibu nusu ya betri ya ampea-saa 45. Anayesafiri kwa wiki kadhaa akizime kifaa au aondoe waya wa betri.

Kila baada ya miezi sita, na hasa masika yakiisha, viungo vikaguliwe kama vina kutu ya kijani, harufu ya kuungua au alama za meno ya panya. Swichi ya boneti ijaribiwe, kwa kuwa ndiyo inayopigwa na maji na matope zaidi. Betri ya rimoti ibadilishwe kabla haijaisha, na rimoti ya akiba iwekwe nyumbani, isiwekwe ndani ya gari. Gari likiuzwa, mnunuzi akabidhiwe rimoti zote pamoja na mchoro wa nyaya, au kifaa kiondolewe, ili asirithi kisanduku asichokijua chini ya dashibodi.